Phares Amolo na Trela ya Chama

Kazi ya kufunga taa za trela inataka watu wawili. Mmoja hukaa ndani ya gari akakanyaga breki, mwingine husimama nyuma ya trela na kusema alichokiona. Fundi hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Marehemu mume wangu, Phares Amolo, aliifanya kazi hiyo Makongeni kwa miaka kumi na minane, na miaka sita ya mwisho aliifanya peke yake. Watoto wa ndugu zake sasa ni watu wazima, na wanayoyasikia kwenye bomba la maji kuhusu baba yao mkubwa si kweli. Kweli ninayo mimi.

Phares alitoka Ugenya akaja Nairobi mwaka wa 1955, kijana mwembamba mwenye cheti cha shule ya ufundi. Reli ilimwajiri katika karakana yake, upande wa taa za mabehewa. Tulioana miaka minne baadaye. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, jambo ambalo wanawake wachache wa kwetu walikuwa wamelifikia, na baba yangu hakunitoa kwa mtu wa ovyo. Tulipewa nyumba ya reli Makongeni, chumba kimoja na jiko, kisha vyumba viwili. Mungu hakutupa mtoto. Hatukuzunguka kwa waganga kumtafuta, wala hatukugombana kwa sababu yake. Nyumba yetu ilikuwa na vitabu, na mapazia yaliyofuliwa kila mwezi. Majirani walipotaka barua ya Kiingereza iandikwe walikuja kwetu.

Nyumbani hakuniita Truphena. Aliniita Nyar Alego, binti wa Alego, kama mume wa kikwetu anavyomwita mkewe kwa jina la alikotoka. Alilitamka polepole, hata akiwa amechoka.

Jumamosi alikuwa na kazi yake mwenyewe. Wenye trela walimletea pale uwanjani nyuma ya nyumba zetu: wauza mbao, wasagaji unga, maseremala wa Kariokor waliokuwa wakisafirisha vitanda. Alitandika gunia chini, akazipanga nyaya saba kwa rangi zake, kila mmoja na kazi yake. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, na kadhalika. Mweupe ndio aliouheshimu kuliko yote, kwa sababu ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Aliufunga kwa bolti kwenye fremu ya trela, na kabla ya kuufunga alikwangua chuma kwa msasa mpaka king'are kama shilingi mpya.

“Umeme ni kama mgeni,” alikuwa akiniambia. “Ukimwonyesha mlango wa kuingilia, mwonyeshe na wa kutokea.”

Mtu wa pili katika kazi hiyo nilikuwa mimi. Nilisimama nyuma ya trela na madaftari ya wanafunzi mkononi, yeye akakanyaga, nami nikasema: kushoto, kulia, breki, zote. Tulikuwa tunaelewana kwa neno moja moja. Nikikumbuka ndoa yetu ninayakumbuka zaidi maneno hayo kuliko mazungumzo marefu.

Chama chetu cha kuzikana kilipata trela yake mwaka wa 1976. Mafundi wa Kamukunji waliiunda juu ya ekseli ya gari kuukuu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kubeba jeneza na mizigo ya waombolezaji mpaka nyumbani, Nyanza. Phares alifunga taa bila malipo. Chama kilikuwa na desturi yake. Kila msiba ulipotokea, wanachama waliipaka trela rangi nyeusi upya usiku wa kuamkia safari, fremu nzima, kila bolti, kila pembe. Hakuna mtu wetu, walisema, atakayerudi kwao juu ya chuma chenye kutu. Desturi hiyo ilikuwa nzuri na sote tuliipenda.

Sasa lazima nimtaje Mzee Zakayo Okumba. Alikuwa katibu wa chama, karani wa manispaa, msemaji mzuri. Mwaka wa 1977 Phares alishauri mkutanoni kwamba chama kinunue shamba dogo kwa ajili ya watoto wetu wa baadaye. Mzee Zakayo akasimama na kusema, mbele ya watu wote, “Mwenye nyumba isiyo na mtoto asitufundishe habari za kesho.” Watu wengine walicheka, wengine walitazama chini. Phares aliketi. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili hawakusalimiana, na mtaa mzima ulijua.

Julai ya mwaka uliofuata Mzee Zakayo alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Phares hakukaa nyumbani. Alikwenda matangani, akaketi na wanaume, na asubuhi ya Ijumaa, siku ya safari, akawa wa kwanza kwenye trela. Rangi ya usiku ule ilikuwa bado inanuka. Jeneza lilikuwa tayari limefungwa kwa kamba, akina mama wanaimba, na binti wa marehemu, Benta, ameshikiliwa na shangazi zake wawili.

Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja shuleni. Nilivaa suti yangu ya samawati iliyokoza na kofia ya kanisani, nikasimama na wanawake wa chama. Phares akachomeka plagi ya trela kwenye gari, akaingia kwenye kiti cha dereva, akaniita nikatazame nyuma.

Dereva alikuwa Muturi, kijana wa Kikuyu mwenye mdomo, ambaye Pijo yake ndiyo chama kilikuwa kikiikodi. Alinipisha njia kwa madaha. “Leo Mwalimu amekuwa taniboi,” alisema. “Mama, ukimaliza uning'inie hapo nyuma, tusichelewe.”

Wanawake walicheka, kicheko kidogo cha msibani, kile cha kupumzisha machozi. Hakikuwa na ubaya. Lakini mimi nilikisikia kwa sikio lingine. Niliona kwamba nitasimama nyuma ya jeneza la mtu aliyeitukana nyumba yangu, nikiwa nimevaa suti yangu, kama kijana wa kupakia magunia. Sikufika nyuma ya trela. Nilisimama ubavuni, hatua tatu au nne, nikaona wekundu wa taa, na taa ya trela ina kioo chekundu hata ikiwa imezimika. Nikasema, “Zinawaka.”

“Zote?” Phares aliuliza kutoka ndani. “Hata za breki?”

“Zote.”

Hakuuliza mara ya tatu. Katika miaka yote ile sikuwa nimemwambia neno lisilo kweli. Alishuka, akamkabidhi Muturi gari, akaenda zamu yake karakanani, nami nikarudi darasani kufundisha hesabu.

Kule Kimende, mahali ambapo ukungu wa Julai hukaa barabarani hata saa nne asubuhi, ng'ombe walivuka mbele ya Pijo. Muturi alikanyaga breki. Lori lililokuwa nyuma lilikuja kuiona trela ikiwa karibu mno, likaigonga. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Lakini trela ilipinduka ubavu, kamba zikakatika, jeneza likapasuka. Watu wa barabarani waliuona mkono wa Mzee Zakayo. Alilala siku mbili zaidi katika chumba cha maiti cha Naivasha, wakamtafutia jeneza jingine, na alizikwa baada ya wageni wengi kuondoka.

Dereva wa lori aliapa kwamba trela haikuwa na taa hata moja. Muturi naye akasema ndivyo.

Waliporudi, mwenyekiti wetu Caleb Ouko aliitisha mkutano Jumapili baada ya ibada. Caleb alikuwa mtu wa haki, hakupenda kelele. Alimwuliza Phares kwa upole kama taa zilipimwa kabla ya safari. Phares akajibu kwamba zilipimwa. Akaulizwa zilipimwa na nani.

Nilikuwa safu ya wanawake, mikono juu ya mkoba. Nilingoja ataje jina langu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyosimama.

“Nilipima mimi,” Phares alisema.

Hapo Benta akasimama. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja wakati huo, sauti yake haikuwa kubwa. “Baba Phares, ulimchukia akiwa hai. Si ungemwachia basi safari yake hiyo moja?”

Wapo waliomkemea Benta, lakini hakuna aliyesema kwamba amekosea. Phares alichukua kofia yake akatoka. Na mimi niliketi. Msomaji anaweza kuniuliza kwa nini, nami nimejiuliza mara nyingi zaidi yake. Nilijiambia kwamba mke hamkanushi mumewe mbele ya watu. Lilikuwa neno zuri la kujifichia.

Trela ilikuwa imevutwa mpaka uwanjani, imepinda. Jioni ile ile Phares alikwenda na spana, akaifungua ile bolti ya waya mweupe. Nilimfuata. Wapakaji rangi walikuwa wameilegeza usiku wa kuamkia safari ili wapake vizuri hata chini yake, wakaikaza tena juu ya rangi mbichi. Pale palipokuwa paking'aa kama shilingi palikuwa peusi. Umeme ulikuwa umeingia na kukosa mlango wa kutokea.

Nilimwambia aende sasa hivi kwa Caleb, akaionyeshe. Wapakaji ndio wenye makosa. Akatikisa kichwa. Alisema rangi ni rangi, na aliyepaka alipaka kwa heshima. Ndiyo maana fundi hupima. Mwenye kuulizwa ni mpimaji.

“Basi kwa nini hukusema mpimaji ni mimi?”

Aliifunga bolti kwanza, akafuta spana. “Wewe unafundisha watoto wao,” alisema. “Mwalimu akisema ameona asichokiona, nani atampelekea mtoto?” Kisha akaongeza, “Twende nyumbani, Mwalimu.”

Kwanza nilidhani amelitumia jina hilo la Mwalimu kwa sababu ya mazungumzo tu. Lakini kesho yake asubuhi aliniita Mwalimu aliponipa chai, na wiki iliyofuata pia. Nyar Alego hakulitamka tena. Hakuniita Mwalimu kwa hasira, wala hakulikataa lile jina la zamani kwa maneno. Aliniita kama mtaa wote ulivyoniita, na mimi niliitika.

Kumwepuka mtu Makongeni ni jambo dogo dogo. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakapita. Kiti cha pembeni yake kanisani kilibaki wazi mpaka viti vingine vijae. Wenye trela wa mtaani waliacha kuja, wakabaki wageni wachache kutoka Eneo la Viwanda ambao hawakuwa na habari. Chama kiliinyoosha trela, kikamwita fundi mwingine, naye akaufunga waya mweupe kwenye bolti ile ile.

Siku moja, miezi kadhaa baadaye, nilimwona uwanjani na trela ya muuza saruji. Alikuwa ameweka jiwe juu ya pedali ya breki. Akazunguka nyuma kwenda kutazama, akarudi, akaliondoa jiwe, akawasha indiketa, akazunguka tena. Mara sita, mara saba. Niliweka madaftari chini nikatoka, nikamwambia nipo, akanyage nimtazamie.

“Usijisumbue, Mwalimu,” alisema, na aliyasema kwa adabu. “Nimeshazoea.”

Nilirudi ndani. Kutoka dirishani niliweza kumwona akizunguka. Jumamosi nyingi zilipita hivyo, yeye na jiwe lake, mimi na kalamu nyekundu. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, tulilala kitanda kimoja. Hakuna mtu angeweza kusema kwamba nyumba ya Phares Amolo haina amani. Tulikuwa tunaongea habari za mvua na za bei ya sukari. Usafi wangu ulizidi. Nilifua mapazia kila wiki mbili.

Alianza kukohoa mwishoni mwa 1983. Machi iliyofuata alikufa hospitalini, saa tisa alasiri, siku ya Jumatano, mimi nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Siku mbili za mwisho hakusema neno.

Caleb alikuja jioni na wazee wawili. Waliomba, wakanywa chai, wakageuza geuza vikombe mpaka nikajua wana jambo. Mwisho Caleb akalisema. Phares alikuwa mwanachama kamili na haki yake ilikuwa safi. Lakini baadhi ya watu hawakutaka abebwe na trela ile ile, na jamaa za Zakayo walikuwa wamesema watajitoa. Chama kingeweza kunisaidia kupata nafasi juu ya basi.

“Mwalimu, utuelewe,” alisema. “Watu wanaona vigumu.”

Mume wangu juu ya basi, kati ya kuku na magodoro, kama mzigo usio na mwenyewe. Na kule Ugenya mamake mzee angeuliza chama chake kiko wapi. Nilimwomba Caleb jambo moja, mkutano wa dakika kumi, kesho yake, na Benta awepo. Alikubali.

Walikuja watu kama thelathini, katika ukumbi wa mtaa. Nilikuwa na nguo nyeusi. Nilisimama mbele, si katika safu ya wanawake, nikawaeleza kila kitu kwa utaratibu kama ninavyoeleza somo: waya mweupe, bolti, rangi iliyopakwa kwa nia njema, na mtu aliyesimama ubavuni mwa trela badala ya nyuma yake. Nikamtaja mtu huyo. Nikawaambia kwamba Phares aliniuliza mara mbili, nami nikamjibu zote. Nikawaambia na sababu, yaani maneno ya marehemu Zakayo, na suti yangu. Sikulia. Nilijua nikilia watanihurumia na kusahau nilichosema.

Mzee mmoja, ambaye najua alikuwa kati ya wapakaji wa usiku ule, alikuwa akitazama viganja vyake.

Benta alikuwa mama wa watoto wawili sasa. Mkubwa alikuwa ameanza darasa la kwanza, kwangu.

“Miaka sita, Mwalimu,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilikuwa nikimwona njiani nageuza uso. Alinitolea kofia kila mara.” Akamgeukia Caleb na kumwambia kwamba upande wa baba yake hawana neno, trela imbebe Phares.

Hivyo jina lake lilirudi. Langu lilienda mahali pake, na ndivyo ilivyopasa kuwa. Baada ya Pasaka wazazi watatu walimwomba mwalimu mkuu awahamishe watoto wao kutoka darasa langu. Benta alikuwa wa kwanza. Sikumlaumu. Reli nayo ilinipa miezi mitatu niiache nyumba, kwa kuwa ilikuwa ya mfanyakazi wala si ya mjane wake. Nikapanga chumba Kaloleni, ambako bado nipo, nafundisha bado, na salamu napewa.

Lakini nataka kumalizia na usiku wa kuamkia safari ya Phares, maana kuna jambo lililofanyika ambalo sijalisimulia popote.

Kulipokuwa kunaingia giza, wanachama walikuja na makopo ya rangi kama desturi. Nilikuwa ndani na wanawake. Mtu akagonga, nikatoka. Alikuwa Benta, amejifunga leso kiunoni, mkononi ana kipande cha msasa.

“Nionyeshe ni wapi pasipakwe,” alisema.

Tulikwenda uwanjani pamoja. Wapakaji walitupisha. Nilimwonyesha bolti, naye akamwomba mmoja wao aifungue. Chini yake palikuwa na rangi ya misiba mingi, tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda la mti. Sijui taa za trela ile ziliwaka kwa bahati gani miaka ile yote. Benta alichuchumaa akaanza kukwangua. Nilichuchumaa karibu naye kumshikia taa ya mafuta. Alikwangua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka chuma kikawa cheupe, halafu akapuliza vumbi, akafunga bolti kwa mkono wake.

Nilimkaribisha chai. Alisema ameacha mtoto mdogo na jirani. Akafungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaondoka kupitia kati ya nyumba, na mimi nikabaki pale na taa mpaka wapakaji waliponiambia kwamba mwanga unawatosha.